Nafasi ya Godoro Moja

Maimuna alinipigia simu asubuhi, niko uani kwangu Likoni napepeta mchele, akanambia hitima ya Bi Rukiya imekwisha na sasa kuna jambo limewashinda. Nikadhani ni jambo zito, watu wameanza kugombania urithi. Kumbe ni chumba. Chumba cha cherehani, hawajui pa kuanzia. Watu waja mlangoni kuuliza nguo zao, wengine wana arusi wiki hii, na nguo zimejaa mpaka darini na hakuna ajuaye ipi ya nani. "Wewe ulikaa naye zamani, Da Kombo," akasema. "Wewe ndiwe ujuaye mambo yake." Maimuna ni binti wa kaka yake Bi Rukiya, mama mtu mzima, lakini kwangu mimi bado ni kale katoto kalikokuwa kakichungulia mlangoni na pua mbichi kila nilipokwenda kwao Kisauni.

Nilitaka kumjibu vibaya. Mimi na Bi Rukiya tulikaa pamoja mwaka mmoja tu, na tangu tulipoachana, kila nilipokwenda kumpa mkono wa Idi nilikalishwa sebuleni kama mgeni wa watu. Nikapewa sharubati na visheti, nikaulizwa hali ya watoto, nikaambiwa karibu tena. Kile chumba chake cha cherehani cha huko Kisauni sikukitia mguu hata siku moja. Pazia lilikuwa limeshushwa daima, na mimi si mtu wa kufunua pazia la mtu. Nilikuwa nikirudi Likoni nimenuna, namwambia mume wangu, Mungu amrehemu, kwamba yule mama alinichukua mwaka ule kwa sababu alihitaji mikono miwili, na mikono ilipokwisha kazi akairudisha kwa wenyewe. Mume wangu akinambia niwache kwenda basi. Na Idi ikifika nakwenda. Hata hivyo, nguo za watu hazina kosa, na mtu akishafariki humnunii tena. Nikavaa buibui langu nikaenda.

Ya nyumbani kwetu siyasemi, nikiyaanza hatutamaliza. Nilikuwa msichana wa Changamwe, nimemaliza darasa na darasa halikunitaka zaidi ya hapo, na kwetu hapakuwa na nafasi yangu. Hayo yatosha. Mumewe Bi Rukiya alikuwa amefariki, na yeye hakujaaliwa kuzaa, akatakiwa mtu wa kukaa naye edani. Mjane wa kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hajifukizi, na si vizuri kumwacha peke yake na kuta. Mamangu alimjua kwa kushonesha kwake, akanitoa mimi kama mtu anavyomwazima jirani sufuria. Nilikwenda na mfuko mmoja na godoro langu la sufi limefungwa kamba, na njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba sufuria nayo yaweza kusahaulika kwa jirani ikabaki huko huko.

Nilimkuta amekaa juu ya mkeka chumbani kwake, amejifunika leso nyeupe isiyo na maua. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akanitazama kuanzia utosi mpaka nyayo, namna mafundi wa nguo wanavyomtazama mtu, wanakupima kabla hawajashika futi. Alikuwa mzaliwa wa Kibokoni, kisiwani, ameolewa Likoni, na hakuyaacha maneno ya kwao. "Ndoo hapa, mwanangu," akanambia. Nikasogea. Akaeleza kwamba nyumba ina vyumba vitatu: kimoja chake, kimoja cha wageni wa kilio, na cha tatu, cha uani, ndicho cha cherehani na hakina pa kutia hata kidole. Kisha akasema maneno ambayo nimeishi nayo mpaka leo. "Kapange hicho chumba. Nafasi utakayoipata ndiyo yako."

Nikaenda kukiona. Mlango ulifunguka nusu ukakataa. Ndani kulikuwa na cherehani ya miguu katikati, imefunikwa shuka, na kuizunguka, vitu, vitu, vitu. Mabuibui yananing'inia kwenye misumari matatu matatu, leso za watu bado hazijapindwa zimerundikwa juu ya kiti ambacho kiti chenyewe hakionekani, magunia ya vipande vya nguo, pasi ya makaa imetumbukia ndani ya karai, mapazia ya mtu aliyehama mji. Mikebe ya maziwa ilipangwa dirishani mpaka ikaziba mwanga. Ulifungua mkebe wa vifungo ukakuta iliki, ukafungua wa iliki ukakuta vifungo. Paka alikuwa amezalia ndani ya gauni la mtu. Nilisimama pale mlangoni nikaona kazi iliyoko ni ya watu wanne, na wallahi nilifurahi. Kwetu nilikuwa sijapata kuambiwa kwamba kitu ni changu, hata kama ni kitu ambacho hakijaonekana bado.

Cherehani haikuguswa eda nzima. Dini haikumkataza, walimkataza majirani kwa midomo yao. Ilisemwa kwamba mjane akisikikana mpaka barabarani analiza cherehani na udongo wa mumewe bado mbichi, basi huyo hana msiba. Bi Rukiya akaifunika, akawa ashona kwa mkono. Alikuwa akikaa kwenye kizingiti cha kile chumba, miguu ukumbini na mgongo kwenye mwimo wa mlango, sindano ikienda na kurudi, na mimi ndani natoa vitu kimoja kimoja namwonyesha. Hakuwa msemaji. Angesema "weka" au "tupa" au angenyamaza, na akinyamaza maana yake kile kitu kina hadithi na mimi haijanihusu. Nilifunga kamba ukutani hadi ukutani nikatundika mabuibui kwa urefu. Leso nilizipanga mbili mbili, maana leso huuzwa pea na pea haitengwi, na maandishi nikayageuza mbele ili mwenyewe akija aijue yake. Nyuzi nilizitia kwenye misumari, nyeusi mwanzo, nyeupe mwisho. Na kila jioni niliingia na kandambili zangu nikapima sakafu iliyofunguka, nikaona imeongezeka. Mpaka ile sakafu itoshe, godoro langu lilikuwa limesimamishwa ukumbini, na mimi nalala juu ya mkeka pembeni yake.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu mwaka ule, na sioni haya kukisema. Nilitaka niambiwe nikae. Sikutaka kuambiwa "kaa mpaka eda iishe" wala "kaa mpaka mamako akuite". Nilitaka kaa, basi, likome hapo. Nilikuwa nalingoja neno hilo kwenye kila kitu, hata kwenye chakula. Siku za mwanzo majirani walileta masinia, wali wa nazi na mchuzi wa papa, mbaazi na mahamri, na baadaye wakachoka, kama wanavyochoka majirani wote, nikawa napika mimi. Tulikula sahani moja, yeye upande wake na mimi upande wangu. Alikuwa na tabia ya kukisukuma kipande cha samaki kwa kidole mpaka kikavuka kikaja kwangu, bila kunitazama. Usiniulize ilikuwa mapenzi au alikuwa hana hamu ya kula. Nilijiuliza mimi mwenyewe kila siku, na nyumba ilikuwa kimya mno kiasi cha kuwa honi ya feri ikilia nashtuka kama nimeitwa.

Halafu nikaharibu. Yale magunia ya vipande nilikuwa nimeyaacha mwisho, na nilipoyafungua nikakuta vipande vimefungwa vifurushi vidogo vidogo, kila kifurushi kimefungwa kwa ukanda wa nguo. Nikaona ni ujinga, rangi zimechanganyika, nyekundu na kijani na maua yote ndani ya kifurushi kimoja. Nikavifungua vyote. Nikavipanga kwa rangi kwenye makarai na mikebe mikubwa, nyekundu na nyekundu, buluu na buluu, maua peke yake, mistari peke yake. Siku nzima. Nilipomaliza palipendeza kama duka la Muhindi, nikamwita Bi Rukiya aje aone. Akaja, akasimama, akashika kichwa. "Mwanangu," akasema taratibu, "umenitia kwenye mali za watu."

Kumbe kila kifurushi kilikuwa cha mtu. Fundi mwingine ukimpelekea kitambaa, kinachobaki ni chake, na hakuna anayeuliza. Bi Rukiya hakuwa hivyo. Kwake yeye kipande kilichobaki ni amana, hata kiwe cha upana wa kiganja. Akimaliza nguo anakufungia na mabaki yako, na kama anayataka yeye anakuomba: niwachie, nihalalishie. Vile vifurushi vilikuwa vya watu ambao hawajaja kuchukua nguo zao au hawajaombwa radhi, na mimi nimevichanganya vyote, mali ya huyu imelala na mali ya yule, na hakuna malaika wa kuvitenganisha. Sikulia mbele yake. Nilikwenda jikoni nikajidai nakuna nazi, nikalilia mbuzi ya nazi, nikijua kwamba kesho nitafungiwa godoro langu.

Kesho yake hakunifungia godoro. Alisema basi, wenyewe wataitwa. Yeye yuko edani hawezi kwenda, watakuja wao. Na wakaja, wanawake wa mtaa mzima, wanakuja kumpa pole na mimi nawakalisha mbele ya makarai watafute vyao. Sijapata kusikia maneno mengi hivyo maishani mwangu. Mmoja aliokota kipande cha njano akasema hiki cha arusi ya mdogo wangu, na bwana mwenyewe keshamwacha, kipande kimedumu kuliko ndoa. Mwingine akatambua sare ya maulidi, akataja mmoja mmoja waliokuwa wameivaa na wangapi wamefariki. Kulikuwa na mama mmoja aliyeshika kipande cha zambarau akakigeuza, akakirudisha, akasema si chake. Wenzake wakatazamana. Alipoondoka wakasema ni chake, aliishonesha ile nguo kwa posa ambayo haikuja. Na kila aliyekijua chake alimwambia Bi Rukiya, "Chukua, ni halali yako," na Bi Rukiya akakiweka pajani. Kutokana na vile vya halali alianza kushona mfarishi, kipande kwa kipande, na ndani akatia sufi, ukawa shuka nene la kujifunikia. Visivyotambuliwa hakuvigusa. Mimi nilikuwa nikipita na birika la kahawa, nasikiliza, na moyoni nikijua kwamba katika rangi zote zile hamna hata moja iliyokuwa yangu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepata kunishonea nguo.

Magunia yalipoondoka, nafasi ikapatikana. Ilikuwa ukutani, kati ya cherehani na dirisha, na nilipoliingiza godoro lilikaa sawasawa, kichwa dirishani na miguu mlangoni, hata mkono hauingii pembeni. Siku ya pili yake alikuja mama mmoja na mzigo wa mapazia, akachoka nao, akataka kuutupa juu ya godoro langu. Bi Rukiya alikuwa kizingitini na mfarishi wake. Hakuinua hata uso. "Hapo pana mtu," akasema. Mama wa watu akaomba radhi akaweka mapazia chini. Lilikuwa neno la kawaida, neno la kumwekea mtu kiti kwenye hafla. Lakini mimi nilitoka nje uani nikasimama karibu na ndoo za maji nikalirudia kwa sauti ndogo, na nilihisi kama nimevishwa kitu.

Eda ilikwisha. Akaoga, akavaa leso mpya, tukafukiza udi nyumba nzima, na siku ile ile akaifunua cherehani, akatia mafuta, akakanyaga. Ile sauti, sijui niseme nini. Miezi iliyofuata ndiyo ninayoita ujana wangu, maana kabla yake na baada yake sikuona ujana wowote. Alinifundisha kukata, kupinda, kutia marinda, kumkatalia mteja bila kumpoteza. Mfarishi aliumaliza, na ulitoka mdogo, mdogo kwa kile kitanda chake kikubwa cha besera, nikadhani vipande vya halali vimemwishia. Hakuutandika. Aliukunja akauweka juu ya kabati. Nami sikuambiwa nikae wala niondoke, na kwa kuwa siku zilikuwa zikienda nikaanza kuamini kwamba neno lenyewe halina haja.

Athmani alikuwa mtoto wa marehemu, wa mke wa kwanza. Alifanya kazi bandarini, mtu wa heshima zake, akija Ijumaa kumwamkia Bi Rukiya na kuondoka. Ijumaa moja alikwenda uani kunawa mikono akaukuta mlango wa chumba cha cherehani uko wazi. Wakati wote wa uhai wa babake ule mlango ulikuwa haufunguki zaidi ya nusu, alikuwa akidhani ni stoo. Akasimama. "Kumbe hapa pana chumba," akasema. Akaingia, akatazama kamba ya mabuibui, misumari ya nyuzi, mikebe iliyopangwa, dirisha linaloingiza upepo. Akaweka mguu mbele ya mguu kando ya godoro langu, anapima. Bi Rukiya alikuwa kwenye cherehani, na mimi pembeni napiga pasi.

"Mama," akasema, "hiki chanifaa. Naoa baada ya Idi."

"Hapo pana mtu," akasema Bi Rukiya.

Athmani akanitazama. Hakuwa mtu mbaya, na ningependa angekuwa mbaya, ingenirahisishia. Alisema kwa upole kabisa, "Huyu ana kwao, mama. Eda imekwisha."

Nilingoja. Nilikuwa nimeiinua pasi ya makaa na sikuishusha, nimeishika hewani mpaka mkono ukafa ganzi, nangoja Bi Rukiya aseme neno. Yeye aliinamisha kichwa. Akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, pole pole, mpaka sindano ikatoka kwenye nguo, akakata uzi kwa meno. Athmani akaondoka, na jioni tulikula sahani moja, na samaki akasukumwa upande wangu, sikumgusa.

Nyumba ilikuwa ya warithi, hilo nililielewa hata wakati ule, na mke wa marehemu asiye na mtoto hana sauti kubwa kwenye nyumba ya warithi. Kilichoniuma, na kimeniuma miaka mingi, ni vingine viwili. Kwanza, kama ningekiacha kile chumba na fujo zake, na paka wake na mapazia yake, Athmani asingepata pa kutia mguu wala wazo la kuutia. Nilipanga, nikapanga, mpaka nikampangia mwingine. Pili, ni ule ukimya. Mara ya kwanza alisema pana mtu, kwa mama wa mapazia. Kwa Athmani pia alisema. Lakini alipoulizwa mara moja tu zaidi, yule mtu akawa hayupo.

Bi Rukiya aliamua kuhamia Kisauni kwa kaka yake, ambako alipewa chumba kimoja cha kulala na kushonea humo humo. Nilimfungia kila kitu mimi mwenyewe, mikebe, nyuzi, makarai ya vipande, kwa mpango ule ule, kamba ya mabuibui nikaizungusha kijiti. Pikapu ikaja. Cherehani ikapandishwa, mfarishi ukatiwa juu yake, na shuka likafunika vyote viwili visipate vumbi. Akanishika kichwa kwa mikono miwili akanambia, "Nenda kwenu, mwanangu. Mungu akuweke." Nilitaka aseme "twende". Neno moja. Nilisimama barabarani na godoro langu limefungwa kamba, mpaka pikapu ikapinda kona ya kwenda feri, na sikuliona tena lile shuka la cherehani.

Baadaye niliolewa, Likoni hiyo hiyo, nikazaa, nikashona, nikafiwa. Eda yangu nilikaa na redio. Watoto wangu wako Nairobi na Doha, wananitumia salamu nzuri. Nina chumba changu cha cherehani sasa, kikubwa, na nimekijaza mpaka mlango unafunguka nusu, na mtu akinishauri nikipange namwambia siku nyingine.

Basi hivyo ndivyo nilivyofika Kisauni juzi. Maimuna akanipokea, akanishika mkono tukapita sebuleni, tukapita vile viti vyangu vya sharubati, akalifunua pazia. Nikaingia. Chumba ni kidogo, kidogo kweli. Kitanda, cherehani, na juu mpaka darini, nguo. Kamba ya mabuibui imefungwa ukuta hadi ukuta, yametundikwa kwa urefu. Leso mbili mbili, maandishi mbele. Nyuzi kwenye misumari, nyeusi mwanzo, nyeupe mwisho. Nikainua kifuniko cha mkebe mkubwa, nikakuta vipande vyekundu. Mwingine, buluu. Nikafungua vyote. Alinishikia kichwa siku ile kwa kupanga kwa rangi, na huku kwake akaviacha hivyo hivyo maisha yake yote, kosa langu amelitunza kama mali.

Nikaanza kazi. Kupata ipi ya nani haikuwa shida kwa aujuaye mpango wake, kila nguo ilikuwa na mabaki yake yamefungwa pamoja nayo, na nilipomtolea Maimuna kipande kimoja kimoja akawa anamkumbuka aliyekileta. Tulikuwa tunatoa, tunakunja, tunatia kwenye maboksi, nami nikawa natafuta pa kuweka miguu, ndipo nikaona. Vitu vilikuwa vimebanana kila mahali, vingine vimepandishwa juu ya vingine mpaka vinataka kuanguka, Bi Rukiya mwenyewe lazima alikuwa akipita ubavu ubavu kukifikia kitanda chake. Lakini kati ya cherehani na dirisha sakafu ilikuwa tupu. Imefagiwa. Hakuna mkebe, hakuna kiatu, hakuna uzi.

"Hapa mbona hapana kitu?" nikamuuliza.

Maimuna akacheka. Akasema hapo ndipo palipokuwa panawatia hofu utotoni. Walikuwa wengi na nyumba ndogo, kila mtoto ataka kulala hapo, na shangazi yao akiwafukuza. Mtu akileta mzigo akitaka kuuweka, anazuiwa. Babake akasema mara ngapi pawekwe kabati, akakatazwa. Kila siku neno moja, hapo pana mtu, hapo pana mtu, na mtu mwenyewe haonekani. "Sisi tukajua ni jini," akasema. "Mamangu akatuambia shangazi amekuja na jini lake kutoka Likoni, tusipite hapo bila kubisha hodi. Mpaka leo, Da Kombo, mimi hapo sikanyagi."

Yeye akaendelea, akakunja nguo, hajui anachonifanyia. Akasema siku shangazi yake alipofika na cherehani yake, kabla hata ya kuiteremsha kwenye pikapu, alisimama mlangoni akamwomba babake ruhusa ya kumchukua mtoto wa kike aliyekuwa naye. Babake akakataa. Nyumba ina vijana wa kiume, ati, haifai kuingiza msichana asiye wa damu. Akaomba tena baada ya mfungo, akakataliwa tena. Nikamuuliza Maimuna mbona shangazi yake hakunambia, miaka yote ile ya Idi, mbona aliniacha nanuna pale sebuleni na sharubati yangu. Maimuna ndipo alipoinua uso akanitazama vizuri, na nikaona amefahamu.

"Angekwambia nini?" akasema. "Kwamba alikuombea mahali akanyimwa? Aliona haya. Na ungeingia humu ungepaona."

Niliukuta mfarishi juu ya rafu, umekunjwa kwenye leso, haujatumiwa. Nikautandika pale chini. Ulikaa sawasawa, kichwa dirishani na miguu mlangoni, mkono hauingii pembeni. Haukuwa mdogo ule mfarishi. Ulikuwa umepimwa. Nikavua viatu, mama mzima mimi na magoti yangu haya, nikajilaza, nikalia kwa sauti, kilio nilichokidai tangu barabarani na godoro langu, na Maimuna akaniacha nilie.

Mlango ukabishwa. Alikuwa mteja, msichana wa arusi, amekuja kuchukua gauni lake na amebeba furushi kubwa mkononi. Alipofunua pazia akatazama huku na huku, hapana nafasi, akainama akitaka kulitua furushi pale miguuni kwangu. Maimuna hakufikiri hata kidogo, lilimtoka lenyewe, kama lilivyomtoka shangazi yake umri mzima.

"Hapo pana mtu."

Yule msichana akanitazama, nimelala na macho yangu mekundu juu ya vipande vya wanawake wa Likoni.

"Namuona," akasema, na furushi lake akaliweka kwingine.